Nusu ya Yunisi

Nilipofungua kopo, harufu ya maziwa ya unga ikanirudia puani. Maziwa yenyewe yaliisha kabla sijajua kusoma, lakini ule utamu uliochacha ulibaki humo, umechanganyika na kutu na vidonge vya kufukuzia mende. Mama alihifadhi ndani yake picha zetu zote. Kwa kuwa kopo ni la mviringo, picha nazo zilikuwa zimefuata umbo lake. Ukiitoa moja na kuiweka mezani inajikunja tena taratibu, kama mtu anayejivutia shuka.

Nilikuwa nimerudi Kintinku kwa wiki mbili. Narudi mara chache, na nikirudi sikai. Nimeishi Singida mjini, Itigi, Tabora, Kahama, Tunduma, na kwingine ambako hata jina la mwenye nyumba nimelisahau. Wenzangu wa rika langu wana viwanja na wajukuu wa kwanza. Mimi nina begi moja na kompyuta kuukuu niliyoipata nilipofanya kazi katika steshenari ya mtu kule Singida, nikiwatengenezea watu DVD za harusi, kipaimara na misiba. Mtu analeta picha zake, unazipanga kwenye kompyuta zipite moja baada ya nyingine, unaweka muziki chini yake, unachoma kwenye DVD, anakwenda kuangalia kwenye televisheni na ndugu zake. Nilichoma nyuso za watu wengi nisiowajua. Za kwetu sikuwahi kuzigusa.

Mama alikuwa akinisubiri kwa sababu hiyo. Macho yake yalikuwa yanazima kwa ugonjwa ambao hospitali walisema hauna kurudi nyuma. Jicho moja lilikuwa limekwisha, na la pili likimwonyesha vitu vikubwa tu. Picha ya kopo, hata uiweke puani pake, aliona karatasi. Lakini mdogo wangu Daudi, anayeishi naye, ana televisheni ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo, nzito kama gunia la mpunga, na deki ya DVD juu yake. Mama aliisogelea hiyo mpaka magoti yakagusa meza, na hapo aliona nyuso.

"Yule anayesoma habari namwona hadi meno," aliniambia siku niliyofika, kabla hata sijatua begi. "Sasa mtu nisiyemjua namwona meno. Kwa nini nisimwone Yunisi?"

Nilikuwa nimetoka tu kusema shikamoo. Sikumbuki kama marahaba yake niliisikia. Tangu nilipokuwa na miaka minane sikuwahi kulitaja jina la Yunisi mbele yake, na yeye hakuwahi kulitaja mbele yangu.

Yunisi alikuwa mdogo wangu wa kike, tumepishana miaka miwili. Picha yake ni moja tu.

Sisi tuliokua zamani za filamu tunakumbuka kwamba picha ilikuwa kitu cha kusubiri. Kwetu mpiga picha alikuja na treni kutoka Dodoma. Tulimwita Baba Kamera, mtu mrefu mwenye kofia ya kitambaa na meno yenye kahawia ya maji ya chumvi. Alikuwa akishuka asubuhi, anapanga watu mbele ya ghala la stesheni kwa sababu ukuta wake ulikuwa mweupe, na jioni anapanda treni na kuondoka na sisi sote ndani ya kile kisanduku cha ngozi. Picha zilikwenda kusafishwa Dodoma. Mwezi mmoja, wakati mwingine miwili, ndipo alirudi nazo akasimama kwenye ngazi ya behewa akiita majina.

Mwezi huo wote mimi nilikuwa na wazo langu ambalo sikumwambia mtu. Niliamini kwamba wale sisi waliokuwa ndani ya kamera walikuwa bado wamesimama. Baba, mama, mtoto mapajani, wote wameganda gizani jinsi walivyopangwa, hawaruhusiwi kusogea, wakisubiri mlango ufunguliwe. Nikilala nilikuwa nahisi miguu yangu ile mingine imechoka.

Siku ya picha yetu, baba alivaa sare yake ya genge la reli. Mama aliketi kwenye kiti cha kuazima, Daudi mchanga mapajani. Baba akasimama upande mmoja, sisi wasichana upande wa pili. Nafasi ya karibu na mama ilikuwa yangu kwa kuwa mimi mkubwa, na Yunisi alikuwa nje yangu, mwisho kabisa. Alikuwa amevaa viatu vyangu vyekundu vya plastiki. Mama alikuwa amempa asubuhi hiyo, akisema vimeanza kunibana. Vilikuwa havijanibana sana. Mimi nilisimama pekupeku mbele ya kamera, vidole vimejaa vumbi, na yeye akawa anaangalia miguu yake na kucheka peke yake.

"Wewe mdogo, ingia ndani," Baba Kamera alisema. "Ukibaki huko nitakuacha Kintinku, wenzako waende Dodoma."

Watu waliokuwa wakisubiri zamu yao wakacheka. Yunisi akaingia ndani, akajibana kwangu, akaweka kichwa chake begani mwangu. Nywele zake zilinuka mafuta ya nazi ambayo mama alitupaka sote wawili, lakini mimi nikaona yeye amepakwa zaidi. Baba Kamera akasema tayari. Nikamsukuma kwa kiwiko.

Ni jambo dogo. Mtoto anasukuma mtoto. Kamera ikalia kidogo, Yunisi akanitazama, akanitolea ulimi, tukatoka kwenda kuangalia treni.

Labda wiki mbili zilipita. Ulikuwa msimu wa mbuga kujaa maji na mbu kutoka jioni kama moshi. Yunisi aliamka na homa, mchana akapata degedege, na alipotulia, mkono wake wa kushoto ulikuwa haushiki. Nakumbuka kikombe cha bati cha uji. Mama alimpa, akakipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, na kikombe kikaenda upande mmoja, uji ukamwagika mkekani. Akakitazama kile kikombe, akautazama mkono, kisha akanitazama mimi, kana kwamba ninajua. Baadaye mguu wa kushoto nao ukaacha. Walimpeleka hospitali kwa troli ya reli, baba na wenzake wakiisukuma juani. Walirudi wamembeba.

Alizikwa na viatu vyekundu. Hilo waliliamua wakubwa. Mimi hakuna aliyeniuliza, na nilifurahi kwamba hawakuniuliza, kisha nikaogopa kwa nini nimefurahi.

Baba Kamera alikuja baadaye sana, matanga yameshaisha. Hakuwa na habari. Alisimama kwenye ngazi ya behewa akaita jina la baba, na kwa kuwa baba alikuwa kazini nikaenda mimi. Alinipa bahasha akasema kwa utani, "Mwambie mdogo wako niliwaambia. Amehama mwenyewe."

Nilifungua bahasha palepale kwenye kokoto. Baba yupo, amekakamaa. Mama yupo na Daudi. Mimi nipo, nimebana midomo, vidole vya vumbi mbele. Na mwisho wa picha, pale karatasi inapokatikia, alikuwepo nusu mtu. Jicho moja, sikio moja, bega moja, kiatu kimoja chekundu. Upande wake wa kushoto haukuwepo. Mkono wa kushoto, mguu wa kushoto, vilikuwa vimebaki nje ya karatasi.

Sasa ninajua malaria ikipanda kichwani inaweza kufanya nini. Nilisoma biolojia hadi kidato cha nne, nikaipasi. Lakini yule mtoto wa kwenye kokoto hakuhitaji kusoma. Alikuwa na ushahidi mkononi. Kamera ilikuwa imemkata pale nilipomsukumia, na kilichokatwa ndicho kilichokufa kwanza, na nusu iliyobaki ikashindwa kuishi peke yake. Mpango mzima ulikuwa wazi.

Mama aliipokea picha, akaitazama kwa muda mrefu, akaitia ndani ya kopo akalifunga. Hakulia. Niliona kwamba hakulia, nikafikiri amekwisha kujua.

Siku kadhaa baadaye mama alipokwenda kuchota maji niliiiba ile picha. Nyumba yetu ilikuwa tembe, ya udongo, na ukuta wa nje upande wa kisima ulikuwa umekandikwa upya, laini. Niliibandika picha ukutani kwa uji wa mtama, nikachukua mkaa, nikaanza kuchora pale karatasi ilipoishia. Niliendeleza bega. Nikaweka mkono. Nikaweka jicho la pili, likatoka kubwa kuliko la kwanza, nikalifuta kwa kiganja na kulichora upya. Mguu ukawa mrefu sana kwa sababu picha ilikuwa ndogo na mkaa ulikuwa mnene. Nilichora kiatu mwisho. Kisha nikabandua picha ili nione kama nusu yangu itaweza kusimama peke yake, na nilipogeuka mama alikuwa nyuma yangu, ndoo kichwani.

Nilingoja kofi. Aliitua ndoo. Akaichukua picha mkononi mwangu, akaifuta uji kwa kanga. Akanituma kwa jirani kufuata moto, ilhali moto ulikuwepo. Niliporudi alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta, amekanda udongo, anaupaka juu ya mchoro wangu kwa mkono wake, polepole, mpaka ukuta ukawa mtupu na wenye unyevu.

Hatukuongea juu ya hilo. Ndani yangu nilielewa kwamba nilichokifanya kilikuwa kibaya kiasi cha kufukiwa. Kuanzia hapo nikawa mtoto wa kwenda. Nilikwenda kwa shangazi Manyoni, nikaenda shule ya bweni, nikaendelea. Mkinitafuta kwenye picha za makundi, za shule, za kazini, nitakuwa nimesimama mwisho kabisa, na nje yangu nimeacha nafasi.

Basi nililaza picha za kopo chini ya gunia la mchele siku mbili zinyooke. Nikazipiga moja moja kwa simu, mchana, chini ya mwanga wa mlango, nikazihamishia kwenye kompyuta. Zilikuwa ishirini na kitu. Ile ya ghalani niliiacha ya mwisho. Ilikuwa na alama ndogo ya uji ambayo mama hakuimaliza.

Diski ya kwanza deki iliikataa. Nilikuwa nimenakili maonyesho ya picha kama yalivyo kwenye kompyuta, kosa ambalo nilikuwa nikiwacheka wateja kwalo, maana deki kama ile haielewi mafaili ya kompyuta, inataka video. Ilibidi nibadili maonyesho yote yawe video, ndipo nichome. Na DVD tupu siku hizi ni za kutafuta, watu wanabeba kila kitu kwenye simu. Nilizipata Manyoni, tano, zimejaa vumbi, mwenye duka akiniuliza kama nafungua makumbusho.

Alasiri ya Jumapili tulifunga mapazia. Mama akavaa gauni la kanisani. Akasogeza kigoda mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni. Daudi akatia diski, deki ikaguna, na uso wa baba ukatoka ndani ya weusi, mkubwa kama sinia.

Baba amefariki miaka mingi. Mama akamwamkia kwa Kigogo, kwa sauti ya kawaida, kama anamwamkia mtu aliyeingia kutoka kazini.

"Mama, huyo hakusikii," Daudi akasema.

"Na wewe hunisikii, na uko hai."

Nilikuwa nimepanga kila picha ikae sekunde saba kisha iyeyuke ndani ya inayofuata. Kwenye kompyuta ilipendeza. Pale, kwa mama, ilikuwa kitu kingine. Kabla hajamaliza salamu uso wa baba ulianza kupauka, na kwa kitambo kidogo ukalala juu ya uso wa bibi, macho yake ndani ya macho ya bibi, kisha hayupo. Mama akanyoosha mkono. "Mbona anaondoka hajakaa?" Nikasema nitarekebisha. Picha zikaendelea kuja na kuyeyuka, ndoa ya shangazi, Daudi na ng'ombe, ubatizo, na mama akiwataja wote kwa majina, na kati ya majina akiuliza, "Bado?" Nami nikawa najibu, "Bado kidogo."

Kisha ghala jeupe likatokea.

Niliona kabla yake. Baba amekakamaa, mama na Daudi, mimi na midomo yangu. Baada yangu, hakuna. Kioo kiliishia mara tu baada ya bega langu. Televisheni za chogo zina tabia hiyo, zinakula kingo za picha pande zote, kila anayefanya kazi ile anajua, na mimi nilijua, nilikuwa nikiacha nafasi kwenye picha za wateja bila hata kufikiri. Ya kwetu nilisahau.

Mama alisogeza jicho lake zima mpaka karibu na kioo. Alianza kwa baba, akapita kwake mwenyewe, akanipita mimi. Akafika ukingoni. Akarudi nyuma, akaanza upya.

"Yunisi mmempeleka wapi?"

Daudi akainuka akaipiga televisheni kofi ubavuni, kana kwamba Yunisi yuko ndani amekwama. Nikamwambia aache. Nikasema, "Mama, kwenye kompyuta yupo. Televisheni imemkata."

"Imemkata tena," mama akasema.

Hakuwa ananilaumu. Nadhani hata hakuwa anazungumza na mimi. Lakini lile neno la pili lilinipata pale kwenye kokoto za stesheni, nikiwa na bahasha mkononi.

"Mama, ni mimi niliyemsukuma," nikasema. "Siku ile. Kwa kiwiko. Kwa ajili ya viatu."

Picha ilikuwa imeanza kuyeyuka. Mama akasema, "Daudi, rudisha. Msimamishe mtu hapo."

Daudi akahangaika na rimoti, ghala likarudi, likaganda, likitetemeka kidogo. Mama akaweka kidole kwenye kioo. Aliupapasa uso wake mwenyewe wa ujana, akashuka begani, akafuata mkono wake wa kushoto. Ulipita nyuma ya mgongo wangu ukatokea upande wa pili. Sikuwahi kuuona. Kwenye karatasi vidole vile ni kama punje za mtama, na miaka yote nikiishika ile picha nilikuwa naangalia jicho moja tu. Kwenye kioo vilikuwa vikubwa kama vyangu, vimekunjwa, vimekamata kitu, na hapohapo picha inaishia.

"Huu ni mkono wa nani?"

"Ni wako, mama."

"Umeshika nini?"

Nikasogeza uso karibu na kioo.

"Nimeshika nguo yake. Kiwiko chako kingine kilinigonga mbavuni kabla hicho hakijafika kwake. Nikamshika asianguke mbele ya watu. Nilisema nitakuchapa jioni. Nikasahau, kulikuwa na ugeni."

"Ulijua siku zote?"

"Nilijua umemsukuma. Wewe ulijua nini kingine?"

Nikamwambia. Kamera, nusu, mkono wa kushoto, kikombe. Lilikuwa jambo la kitoto, na nililisema kwa sauti ya mtu wa miaka arobaini na kitu, na halikuwa dogo. Daudi aliangalia sakafu. Mama alisikiliza uso ukiwa bado kiooni, mwanga wa ghala jeupe ukimpaka shavu.

"Ndiyo maana ukachora," akasema mwishoni.

"Nawe ukafukia," nikasema.

"Nifukie?" Akageuka kunitafuta, akaelekeza uso pembeni kidogo ya mahali nilipokuwa. "Mawingu yalikuwa yamefunga. Mkaa ule ungekaa? Niliogopa mvua imwoshe. Nikamfunika." Akageukia tena televisheni. "Alikaa mle mpaka tembe lilipoanguka. Nilikuwa nikipita naweka mkono."

Nilikaa siku nne zaidi ya nilizopanga. Nilitengeneza maonyesho upya. Kila picha niliipunguza, nikaizungushia weusi pande zote ili televisheni ikila, ile weusi. Baba nilimpa dakika nzima. Ya ghalani niliipa nusu saa, hata kompyuta iliniuliza mara mbili kama nina hakika. Tulipoiweka Yunisi alikuwepo, jicho moja, sikio moja, bega, na juu ya bega vidole vya mama. Mama aliondoka kwenye kigoda baada ya muda akaenda kuchambua mboga ya mlenda, akarudi, akakuta bado yupo, akaendelea kuchambulia palepale.

Niliondoka Jumatano. Sasa nipo Mpanda, na labda mwezi ujao sitakuwepo.

Daudi alinipigia juzi. Jicho la mama limezidi kufunga, lakini DVD inawashwa kila siku baada ya chakula cha mchana. Alinipigia kumsemea mama, kama wadogo wanavyosemea. Alikuwa amenunua spika mpya akaiweka kando ya televisheni, upande wa kulia, ule wa Yunisi, karibu na ukuta. Mama akaipapasa akamwambia aitoe. Kesho yake Daudi akaweka pale mtungi wa maji. Akaambiwa atoe. Akamuuliza sasa nafasi ile inakaa bure ya nini, nyumba yenyewe ndogo.

"Anasema nisiweke kitu," Daudi aliniambia. "Anasema hapo pana mtu."